Pompi ya joto ya pisini: kabla ya kuchagua fasi, uliza nani analala karibu

Huku Likasi baridi inaingia mwezi wa tano na inatoka mwezi wa nane. Watu wanaokaa mbali wanafikiri Kongo yote ni joto. Waje walale kwetu usiku moja wa mwezi wa saba, hapa juu, zaidi ya metre 1 200 kutoka usawa wa bahari. Wataomba blanketi ya pili. Mchana jua inapiga vizuri, hewa inafika degre 24 ao 25. Usiku inashuka, siku zingine chini ya 10. Na mayi ya pisini inafuata usiku, haifuati mchana.

Sasa angalia kalenda ya masomo. Likizo kubwa ni mwezi wa saba na wa nane. Ni kusema, ile miezi watoto wako na wakati wa kujifunza kuogelea, njo ile ile miezi mayi inawakataa. Mtoto anaingiza mguu, anatoka anatetemeka. Kiisha anaenda wapi? Anaenda na wenzake ku karieri za zamani, yale mashimo ya migodi yaliyojaa mayi. Kule hakuna wa kulipisha, hakuna wa kukataza. Lakini ukingo wa shimo unakatika ghafla. Hatua moja mayi iko ku magoti, hatua ya pili hakuna chini.

Mwaka moja, mwezi wa nane, tulizika mtoto wa mwenzetu wa kazi aliyezama kule. Alikuwa na miaka kumi na moja. Kadi yake ya kilabu ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwaka.

Basi, ndugu msomaji, ukisoma kichwa cha hii habari usiseme: "Hii ni mambo ya matajiri, pompi ya kupasha pisini!" Hata mimi nilisema vile siku ya kwanza. Miye ni delege wa sendika ku mugodi, si fundi wa pisini. Lakini niliwekwa katika komite ya kilabu yetu, na kazi ya kutafuta fasi ya kuweka hii mashini iliangukia juu yangu. Nilikosa mara ya kwanza. Naandika ili wengine wasikose kama miye.

Frigo iliyogeuzwa

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Pompi ya joto haichomi kitu. Haina moto ndani, haina rezistansi kama ya birika ya umeme. Inafanya kazi kama frigo. Weka mkono nyuma ya frigo yako: kuko moto. Ile moto imetoka wapi? Imetoka ndani, ku nyama na ku mboga. Frigo inaiokota ndani na kuitupa nje. Pompi ya joto inafanya vile vile, lakini inaokota joto ya hewa na kuitupa ndani ya mayi.

Ventilateri kubwa inavuta hewa na kuipitisha juu ya mabati membamba. Gazi iliyo ndani ya tiyo inabeba ile joto, kompresere inaikaza, joto inapanda, kiisha inapita karibu na mayi ya pisini na kuiachia joto yake. Hewa inatoka mbele ikiwa ya baridi kuliko ilivyoingia.

Faida yake ni hii: ukiipa umeme kilowati 1, wakati hewa iko ya uvuguvugu, itakupa joto ya kilowati 4 ao 5 katika mayi. Ile 3 ao 4 ya juu inatoka bure ku hewa. Lakini hewa ikiwa ya baridi sana hesabu inaharibika, na ikishuka karibu na degre 5 mabati yake yanaanza kushika barafu. Kwa hiyo huku kwetu hii mashini ni mfanyakazi wa mchana. Usiku iache ilale.

Kama utashangaa, sehemu kubwa ya tiyo za gazi ndani ya ile mashini ni shaba. Shaba tunayoitoa hapa inazunguka dunia na kurudi kwetu imefungwa katika sanduku ya plastiki. Lakini fasi mayi ya pisini inapita wanaweka titani, juu klori inakula shaba. Ukinunua, uliza hiyo. Mashini isiyokuwa na titani pale haitadumu.

Pisini kubwa ao ndogo?

Pisini yetu ilijengwa wakati wa Wabelgiji, wakati Likasi ikiitwa Jadotville. Kuko bwawa kubwa ya metre 25 kwa 10, na pembeni bwawa ndogo ya watoto, metre 10 kwa 5, mayi inafika senti 90 kwa wastani. Wanamemba wengi walitaka tupashe ile kubwa. Tukafanya hesabu pamoja, ku ubao, kila mtu aone.

Kupandisha metre kibu 1 ya mayi kwa degre 1 kunaomba nguvu ya kilowati-saa 1,16. Hiyo ni sheria ya mayi yenyewe, hakuna muuzaji anaweza kuibadilisha. Bwawa kubwa iko na metre kibu 400 hivi: kila degre inakula kilowati-saa 464. Bwawa ndogo iko na 45: kila degre ni 52 tu. Kwa kutoka degre 18 kufika 26, bwawa ndogo inaomba karibu 420. Pompi ya joto ya kilowati 13 inaweza kuitoa kwa saa 32 za kazi, na ku umeme inavuta chini ya kilowati 3. Bwawa kubwa ingeomba mashini karibu mara tisa.

Mkutano ulinyamaza. Kiisha mama moja mwalimu, ambaye anafundisha watoto kuogelea tangu miaka mingi, akasema: "Mutoto hajifunze kuogelea mu mayi ya metre mbili. Anajifunza paka mu mayi ya kifua. Mupashe ile ndogo." Tukakata shauri.

Fasi ya kwanza

Fundi wa frigo alikuja, akazunguka lupango yote, akasimama nyuma ya nyumba ndogo ya filtri. "Mukubwa, hapa njo fasi yake," akaniambia. Na kweli, ukifuata kitabu cha mashini, ilikuwa fasi nzuri. Nitaeleza kwa nini, maana hizi sheria zote ni za kweli na utazihitaji.

Mashini inakaa nje, ku hewa wazi, si ndani ya chumba. Ukiifunga ndani, inakula hewa yake yenyewe: inatoa baridi, inaivuta tena, inatoa baridi zaidi. Kwa saa moja chumba kimekuwa frigo na mayi haikupata kitu. Na ndani ya nyumba ya filtri ndiko tunaweka klori na asidi. Ile mvuke inakula vyuma.

Mbele ya ventilateri unaacha metre 3 bila ukuta, bila muti, bila kitu. Nyuma unaacha angalau nusu metre. Mashini inakaa juu ya kitako cha betoni, sawasawa, juu kidogo ya udongo, ili mvua isipige vumbi na matope ndani yake. Haikai karibu na ukingo wa pisini: sisi tulishika metre 3 na nusu kama mpaka, juu umeme na watoto walioloa havikai pamoja. Lakini pia haikai mbali sana na filtri, juu kila metre ya tiyo inapoteza joto kidogo na inachosha pompi ya mayi.

Na huku kwetu unaongeza mbili. Wakati wa baridi, jua inapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini unapata jua siku yote na hewa ya pale inapata moto mapema. Na upepo wa kiangazi unatoka zaidi kusini-mashariki: weka ukuta kati ya mashini na ule upepo.

Ile kona nyuma ya filtri ilikuwa na yote: ukuta, jua, tiyo ya metre 2 tu. Nilisema ndiyo. Nikaandika ku karatasi ya komite. Tukachora mstari wa betoni na chokaa.

Mama wa zamu

Ile kona inapakana na chumba cha zamu. Dirisha iko pale, metre 2 kutoka mstari wa chokaa. Miye niliona ile dirisha. Nilijiambia: mashini itaanza saa tatu ya asubuhi (9h00), itasimama saa kumi (16h00), usiku itanyamaza. Haitasumbua mtu.

Wakati tunakunja metre, bibi ya zamu alitoka na mtoto mgongoni. Akanisalimia vizuri, akangoja nimalize kusema na fundi, kiisha akauliza:

"Papa delege, nauliza paka kitu kimoja. Ile mashini itafanya kazi saa ngapi?"

"Tangu saa tatu mupaka saa kumi, mama. Usiku hapana. Mutalala bila shida."

Akacheka kidogo, akaangalia chini. "Njo saa bwana yangu analala."

Nilisikia haya, ndugu msomaji. Miaka mingi niko na pigania watu wa timu ya usiku. Nimesema mbele ya wakubwa wa kompani, nimepiga meza: mtu aliyefanya kazi usiku, usingizi wake wa mchana ni kazi pia, mumuachie alale, dereva asiyelala ataua mtu. Na hapa, katika lupango yetu wenyewe, kuko mtu anafanya timu ya usiku miezi kumi na mbili, na miye delege nilihesabu saa zake kama saa za mtu wa mchana. Juu ya nini? Juu yeye hayuko ku liste yetu. Ametumwa na kompani ya ulinzi, ni mtu wa sutretansi. Halipi mchango kwetu, hapigi kura kwetu. Kwa hiyo sikumuona.

Nikaomba ruhusa ya kuingia katika kile chumba. Zamu mwenyewe alikuwa amelala ao alikuwa anajaribu. Akaamka, akanipa kiti. Tukanyamaza sisi wote. Nikasikia: mmmmm. Ilikuwa pompi ya filtri, ile ya zamani, inaguna ndani ya ukuta. Kitanda kilikuwa kimeegemea ule ukuta.

"Hii kelele iko tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nilifika, mukubwa. Nilizoea."

"Ulishaka kusema?"

"Ningesema kwa nani?"

Mjadala

Jumamosi iliyofuata niliita komite, nikasema nilikosa, tutafute fasi ingine. Si wote walifurahi. Mmoja, ambaye ni mtu mzuri na mchango wake analipa kila mwezi, akasema mbele ya wote: "Tutalipa metre kumi na moya ya tiyo juu ya usingizi ya mutu moya?"

Lilikuwa swali la haki. Pesa ilikuwa michango ya watu, si ya kuchezea. Nilijibu kwa hesabu, si kwa makelele. Karatasi ya mashini inasema desibeli 55 kwa umbali wa metre 1. Si nyingi, ni kama watu wawili wanaongea. Katika fasi wazi, kila mara unaongeza umbali mara mbili, zinashuka 6. Lakini katika kona ya kuta mbili kelele inarudi na inapanda tena, na ikipita ndani ya ukuta kwa mtetemeko, inafika mpaka ku kitanda. Saa saba kila siku, miezi mitatu. Kisha huyu mtu, saa za usiku, ndiye peke yake analinda bwawa mbili zenye mayi, ukuta wenye matundu, na sasa mashini yenye shaba ndani. Tunataka awe amelala ao hapana?

Yule mwenzetu akafikiri. Akasema: "Basi mufereji tutachimba sisi benyewe." Na njo vile ilikuwa. Pesa ya wachimbaji ikawa pesa ya tiyo.

Fasi tulizokataa na ile tuliyochukua

Tulijaribu chini ya muembe. Kivuli kizuri kwa mtu, kibaya kwa mashini: hewa ya baridi, majani yanajaza mabati ya nyuma, na mizizi haitaki mfereji. Tulijaribu karibu na mlango wa kuingilia. Lakini pale wamama wanakaa ku banki kungojea watoto, na ile hewa ya baridi ingewapiga ku miguu siku yote. Tena watoto wangetia vidole katika ventilateri.

Mwisho tukachukua upande wa kaskazini wa vyumba vya kuvalia. Hakuna mtu analala pale. Jua inafika mapema. Ukuta unazuia upepo. Mbele kuko wazi metre 6. Ubaya wake: metre 11 kutoka filtri, na iko karibu na ukuta wa barabara, wezi wanaweza kuruka. Kwa metre 11, tulichimba mfereji wa senti 40, tukavalisha tiyo mbili povu ya kuzuia joto, tukafukia. Kwa wezi, fundi wa kusuda alitengeneza kizimba cha vyuma. Angalia hapa: kizimba cha fito zenye nafasi kubwa, si cha mabati. Watu wengine wanafunika mashini kwa bati ili isiibiwe, kiisha wanashangaa haipashi. Umeifunga pua.

Salongo ilikuwa Jumamosi mbili. Zamu naye alikuja na jembe, ijapokuwa ilikuwa saa yake ya kulala. Tulimrudisha.

Umeme: fasi ya hatari

Hapa nitasema kwa nguvu, juu ni hapa watu wanakufa.

Kabla ya kununua, tulipima umeme siku saba, asubuhi, mchana na jioni, na kuandika katika daftari. Baraji ya Mwadingusha, ku mto Lufira, inatoa umeme tangu 1930 na haiko mbali na sisi, lakini mwisho wa waya wa kartie umeme unafika umechoka. Mchana tulipata volti 205 mpaka 215. Jioni, wakati kila nyumba inawasha, tulipata 170. Kompresere inayoomba 220 ukiipa 170, inavuta ampere zaidi, inapata moto, inakufa. Na ikivuta zaidi, jirani kwenye waya ule ule anapata kidogo zaidi. Taa yake inakuwa kama mshumaa juu ya pisini yetu. Hiyo pia ni kelele, ijapokuwa haisikiki.

Kwa hiyo tuliweka saa ya kuwasha na kuzima: 9h00 mpaka 16h00, basi. Jioni ni ya nyumba za watu. Tuliweka pia kifaa kinachokata kama volti zinashuka chini ya 190, na kinachongoja dakika tano kabla ya kurudisha, maana umeme ukiondoka na kurudi mbio mbio njo unaua kompresere.

Waya wa peke yake kutoka tablo, wa shaba, wa 6 mm² kwa sababu ya umbali. Disjonkteri ya ampere 20. Na diferansieli ya miliampere 30: hii ndiyo inakata kabla moyo wa mtu haujasimama. Usikubali fundi akuambie "si lazima". Mayi, watoto, umeme: ni lazima. Na tere, ni kusema waya wa udongo. Wakati wa kiangazi udongo wetu unakauka kama tofali na tere haishiki vizuri. Fundi wa umeme alipima, haikutosha, akaongeza fimbo ya pili ndani zaidi, akapima tena. Nilisimama pale mpaka nione namba. Ku mugodi tunasema: kile hakikupimwa hakiko.

Siku ya kufunga

Mashini ilifika juu ya pikapu, imelazwa. Ilipaswa kusafiri wima. Tuliisimamisha, na fundi akakataa kuiwasha kabla ya saa 24 kupita, ili mafuta ya kompresere yarudi chini. Vijana walilalamika. Tukangoja.

Chini ya miguu yake tuliweka mipira minene, isitetemeshe betoni. Mayi inatoka ku filtri, inapita ku mashini, kiisha inapata klori, kisha inarudi ku bwawa. Klori inakuja nyuma ya mashini, si mbele, juu klori kali inakula. Na tulitia vani tatu, ili siku mashini iko na ugonjwa tuifunge na mayi ipite pembeni, filtri isisimame. Gazi hatukugusa. Aina zingine, kama R32, zinaweza kushika moto. Hiyo ni ya fundi wa frigo peke yake.

Siku ya kwanza, saa mbili baada ya kuwasha, mtu akapiga kelele: "Inavuja!" Kweli, mayi ilikuwa inatiririka chini ya mashini. Fundi hakukimbia. Akazima kompresere, akaacha mayi ya pisini ipite. Baada ya saa moja ikakauka. Ni jasho ya hewa, kama chupa ya baridi juu ya meza. Ingekuwa tiyo imepasuka, ingeendelea kuvuja. Tuliitengenezea kajia ka kutoka mpaka ku majani.

Kisha tukakosa kosa la pili. Bashi ya kufunika bwawa ilikuwa haijafika, tukasema si neno. Siku mbili mashini ilifanya kazi, na asubuhi ya tatu mayi ilikuwa degre 18, vile vile. Yote iliyopandishwa mchana ilitoroka usiku na mvuke. Bashi ikafika, tukafunika kila jioni saa kumi na moja. Siku ya saba na bashi, kipima-joto kikaonyesha 26. Wandugu, kama hauna pesa ya mashini na bashi, nunua bashi kwanza.

Umeme tunaotumia ni karibu kilowati-saa 20 kwa siku. Kila Jumatatu tunaandika ku ubao wa mlango, mwanamemba yeyote asome. Kila juma mtu anaosha mabati ya nyuma kwa mayi ya polepole, bila presha, juu vumbi yetu nyekundu inaingia kila fasi.

Kilichobaki

Likizo ile watoto wa bwawa ndogo walijaa. Tuliamua na watoto wa watu wa sutretansi waingie kwa bei moja na wetu. Mama mwalimu aliwapanga makundi matatu. Siwezi kusema hakuna mtoto tena anaenda ku karieri. Wanaenda. Lakini wengine waliokuwa wanaenda sasa wanajua kuelea juu ya mgongo na kungojea msaada, na hiyo njo somo la kwanza mama anawapa, mbele ya kuogelea kwenyewe.

Na ile pompi ya zamani ya filtri? Fundi alikuwa amebakiwa na vipande vya mpira. Tuliinua pompi, tukaitia mipira chini, tukaachanisha tiyo na ukuta. Ilichukua nusu ya asubuhi, haikutugharimu kitu. Kitanda tulikisogeza upande mwingine.

Baada ya juma moja nilipita kule saa tano ya mchana (11h00). Nilitaka kumuuliza zamu kama kuko mabadiliko. Bibi yake alikuwa nje anafua. Akaweka kidole ku midomo.

Nikarudi bila kuuliza.